Denis Burkitt na seli za uvimbe wa taya

Ukitoka Ludara ukaupita mji wa Arua, utafika hospitali ya Kuluva. Daktari wake, Ted Williams, alisafiri na Denis Burkitt mwaka 1961.

Burkitt alizaliwa Ireland mwaka 1911 na alipoteza jicho moja utotoni. Mwaka 1957, huko Mulago, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote. Baadaye yeye, Williams na daktari wa tatu waliendesha gari kuukuu kilomita kama 16,000, wakiulizia ugonjwa huo hospitali kwa hospitali. Waliukuta kwenye joto na mvua nyingi, kama malaria.

Vipande vya uvimbe vilipelekwa London kwa ndege. Kimoja kilicheleweshwa na ukungu, kikafika maji yake yamechafuka. Yangeweza kumwagwa! Kumbe ni seli hai zilizokuwa zikielea. Ndani yake, mwaka 1964, Epstein, Achong na Barr waliona kirusi, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Burkitt alijaribu dawa Kampala, na baadhi ya watoto wakapona. Kwa hiyo mwanao akivimba taya, usidhani ni jino tu. Mpeleke kituo cha afya mapema. Burkitt alifariki mwaka 1993.