Clara Barton na Visiwa Vilivyofunikwa na Bahari

Usiku wa tarehe 27 Agosti 1893 kimbunga kikali kiliipiga pwani ya Georgia na South Carolina, kusini-mashariki mwa Marekani. Bahari ilipanda juu ya visiwa vilivyo tambarare, na inakadiriwa kwamba watu 2,000 au zaidi walikufa. Walionusurika, wengi wao watu weusi waliokuwa watumwa zamani pamoja na watoto wao, hawakuwa na nyumba wala chakula. Maji ya chumvi yalikuwa yameingia visimani na kuharibu mazao shambani.

Aliyeombwa kuwasaidia alikuwa mama wa miaka 71. Clara Barton alizaliwa tarehe 25 Desemba 1821 huko Massachusetts, kitinda mimba katika familia ya watoto watano. Alipokuwa na umri wa miaka 11, kaka yake David alianguka kutoka juu ya ghala, naye akamwuguza kwa karibu miaka miwili. Baadaye akawa mwalimu, kisha karani wa serikali. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe alipeleka chakula na bandeji mpaka kwenye uwanja wa mapigano. Mwaka 1881 alianzisha Chama cha Msalaba Mwekundu cha Marekani, akishikilia kwamba kazi yake isiwe ya vita peke yake, kwa kuwa moto na mafuriko navyo huwaacha watu bila kitu.

Mwaka 1884 mto Ohio ulipofurika, watoto sita wa mji mdogo wa Waterford, Pennsylvania, waliandaa onyesho na kukusanya dola 51 na senti 25. Fedha hizo zilimfikia Clara. Ingekuwa rahisi kuzichanganya na michango mikubwa, lakini hakufanya hivyo. Alizitunza katika safari yake ya meli mtoni, hata akampata mjane mwenye watoto sita aliyepoteza makao yake, naye akampa kwa jina la watoto wale sita.

Sasa, huko visiwani, tatizo lilikuwa kubwa kuliko mfuko. Watu wapatao 30,000 walihitaji msaada, na michango yote ya fedha ilikuwa kama dola 30,000, yaani dola moja kwa kila mtu, nayo ilipaswa kutosha mpaka mavuno ya mwaka uliofuata. Clara alivijua visiwa hivyo, maana alikuwa amehudumu huko mwaka 1863 wakati wa vita. Alifanya uamuzi mgumu. Posho ya juma ilikuwa mahindi yaliyokobolewa na kipande kidogo cha nyama ya chumvi, basi. Wenye nguvu walitakiwa kufanya kazi. Huenda wengine wakaona huo ni ukali, hasa kwa watu ambao mababu zao walifanyishwa kazi bila ujira. Lakini kazi yenyewe ilikuwa yao: walichimba mifereji ya kuondoa maji ya chumvi katika mashamba yao, wakajenga upya nyumba zao. Wanawake waliketi pamoja vikundi vikundi wakishona na kutengeneza nguo chakavu zilizotumwa kutoka mbali. Mbegu za mahindi, viazi na mboga ziligawanywa, nazo bustani zikaota pale palipokuwa na matope ya chumvi. Katikati ya mwaka 1894, baada ya miezi kumi hivi, Msalaba Mwekundu uliweza kuondoka. Msomaji anaweza kufungua Ruthu sura ya 2 na kuona jinsi Boazi alivyomwachia mgeni masuke, naye akaokota kwa mikono yake mwenyewe.

Tarehe 8 Septemba 1900 kimbunga kingine kiliharibu mji wa Galveston, Texas, na kuua maelfu ya watu. Clara, sasa akiwa na miaka 78, alisafiri tena. Wakulima wa bara jirani walikuwa wamepoteza mashamba yao ya stroberi, ambayo ndiyo yaliyowaletea fedha. Zilitafutwa miche zaidi ya milioni moja, ikagawanywa kwao wakati wa kupanda ungalipo.

Clara alijiuzulu mwaka 1904, huku wengine wakilalamika kwamba aliongoza chama kwa mkono wake peke yake na hesabu zake hazikuwa na utaratibu mzuri. Alifariki nyumbani kwake Glen Echo, Maryland, tarehe 12 Aprili 1912, akiwa na umri wa miaka 90.