Al-Khattabi: Kadhi aliyelivunja jeshi la Hispania

Zikitajwa harakati za kujikomboa kutoka kwa Wahispania, wengi hukimbilia kumtaja Simón Bolívar wa Amerika ya Kusini. Ni haki yake. Lakini yupo pia kadhi wa Moroko, Muhammad bin Abdulkarim Al-Khattabi, ambaye wachache wetu wanamjua.

Alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1880 huko Ajdir, katika milima ya Rif, kabila la Kiberberi la Banu Waryaghal. Baba yake alikuwa kadhi. Alisoma Fez katika Al-Qarawiyyin, kisha akaenda Melilla, mji ulioshikwa na Hispania tangu 1497. Hakwenda kupigana, alikwenda kufanya kazi. Alisomesha, akaandika safu ya Kiarabu katika gazeti la Kihispania, akawa mkalimani wa ofisi ya utawala na hatimaye kadhi mkuu. Mdogo wake alikwenda Madrid kusomea uhandisi wa madini.

Wapo watakaosema huyu alikuwa kibaraka. Je, ni kweli? Zaidi ya miaka kumi alikula mshahara wa mkoloni, hilo halifichiki. Lakini ni humo ofisini alimoijua lugha yao, udhaifu wao na tamaa yao ya chuma cha Rif. Mwaka 1915 walimfunga kwa kauli zake. Alijaribu kutoroka, akavunjika mguu, akachechemea maisha yake yote. Ajabu ni kwamba walipomwachia walimrudisha kazini! Mwanzoni mwa 1919 alirudi kwao Ajdir, na kazi hiyo hakuifanya tena.

Julai 1921 Jenerali Silvestre aliingia Rif na jeshi kubwa, akidharau watu wa milimani. Huko Annual jeshi hilo likasambaratika. Silvestre hakutoka hai, na ndani ya wiki chache askari wa Hispania wasiopungua 8,000 walikuwa wamekufa. Tuseme ukweli wote: pale Monte Arruit waliuawa hata waliokwisha kusalimu amri. Makabila yote hayakuwa chini ya mkono wake, lakini doa ni doa.

Melilla ilikuwa karibu haina ulinzi, naye akasimama nje yake. Baadaye alilijutia sana jambo hilo. Mpaka leo mji huo uko chini ya Hispania.

Akaunda dola ya Rif. Visasi vya damu vilivyokuwa vikimaliza koo vikapigwa marufuku, mashauri yakaamuliwa kwa sharia. Mwaka 1923 Hispania ililipa zaidi ya peseta milioni 4 kuwakomboa mateka wake. Iliposhindwa kwa bunduki ikatumia ndege kumwaga gesi ya sumu, inayobabua ngozi na kupofusha macho, juu ya vijiji na masoko. Hao ndio waliodai kuleta ustaarabu.

Mwaka 1924 Wafaransa walilikalia bonde la Ouergha, ghala la nafaka la Rif. Aprili 1925 akawashambulia. Wengine husema hapo alikosea, lakini watu wake wangekula nini? Dola mbili zikaungana dhidi yake, Ufaransa ikamleta Marshal Pétain, na Septemba 1925 Wahispania wakateremka kwa meli ghuba ya Alhucemas, karibu na nyumbani kwake. Mei 27, 1926 alijisalimisha, tena kwa Wafaransa, si kwa Wahispania.

Walimhamishia kisiwa cha Réunion, katika Bahari yetu hii ya Hindi, akakaa huko zaidi ya miaka 20. Mwaka 1947, akisafirishwa kwenda Ufaransa, alishuka melini Misri na Mfalme Farouk akampa hifadhi. Akiwa Cairo aliongoza kamati ya ukombozi wa Maghreb.

Moroko ilipopata uhuru mwaka 1956, alikataa kurudi maadamu askari wa kigeni walikuwa bado wamo nchini. Alifariki Februari 6, 1963, akazikwa huko huko Cairo.