Bodys Isek Kingelez: mwalimu mwenye alijenga miji ya kartoni

Mu mitaa ya Kisangani, kuanzia Mangobo mupaka Kabondo, watoto wanajitengenezea motokari kwa mikono yao wenyewe. Wanachukua waya, mukebe wa maziwa, vifuniko vya chupa na kipande cha kandambili yenye imekatika. Kisha saa chache gari iko tayari, inatembea. Mara mingi mutu mukubwa anapita, anacheka kidogo, anasema ni muchezo wa watoto tu. Siku chache nyuma, gari iko ku uchafu.

Mu inchi zingine, kazi ya namna hiyo inafanywa na watu wazima, tena kwa heshima yote. Ulaya na Japani kuna watu wenye wanapitisha miezi mingi mbele ya meza, wanajenga motokari ndogo za mbio za zamani, zile zenye magurudumu yao ine yako inje, bila kufunikwa. Kompanyi Tamiya ya Japani inajulikana sana kwa kuuzisha vipande vya motokari za vile, vya kipimo cha 1 kwa 12 ao 1 kwa 20. Kipimo cha 1 kwa 20 maana yake metre moja ya gari ya kweli inakuwa sentimetre 5. Waya za mashini, bomba za moshi, usukani, kila kitu kinapaswa kufuata hesabu hiyo. Vitu vya namna hiyo, vyenye vinaonyesha kitu kikubwa katika umbo dogo, ndivyo vinaitwa maketi.

Congo ilikuwa na fundi wake mukubwa wa maketi. Hakujulikana kwa motokari za mbio: yeye alijenga nyumba, na kisha miji muzima-muzima. Jina lake ni Bodys Isek Kingelez. Imepita miaka zaidi ya kumi tangu alale mu kaburi. Kazi yake inajulikana Paris na New York, lakini hapa Tshopo, Ituri ao Kivu, watu wengi hawajasikia jina lake hata mara moja.

Mutoto wa Kimbembele Ihunga

Kingelez alizaliwa tarehe 27 Mwezi wa 8, mwaka wa 1948, mu kijiji cha Kimbembele Ihunga, upande wa Bandundu, magaribi ya inchi. Wakati huo Wabelgiji ndio walikuwa wanatawala. Uhuru ulipofika, tarehe 30 Mwezi wa 6, 1960, alikuwa na miaka 11. Alikomaa pamoja na watoto wenye waliambiwa kama inchi sasa ni yao, na kama wao ndio wataijenga.

Mu mwaka wa 1970 aliacha kijiji akaenda Kinshasa. Alikuwa na miaka 21 ao 22. Muji mukuu ulikuwa unapanuka kila siku. Serikali ya Mobutu ilikuwa inasimamisha majengo marefu ya kuonyesha nguvu yake, kama ule munara wa Limete wenye unaonekana kutoka mbali. Lakini siku za raha hazikuendelea. Kuanzia mwaka wa 1974 bei ya shaba ilianguka ku soko ya dunia, feza za serikali zikapunguka, na mambo mingi yenye iliahidiwa ikabakia ku karatasi.

Kijana huyo alifuata masomo na akawa mwalimu wa sekondari. Ilikuwa kazi ya heshima, ijapokuwa mushahara ulikuwa mudogo. Lakini haikumutosha. Karibu mwaka wa 1977 aliacha ualimu. Kisha wazo moja likamushika na kukataa kumuacha: alihitaji makasi, wembe, kole na karatasi. Hakukuwa mutu mwenye alimufundisha. Alifunga mulango, akakata, akabandika, mupaka nyumba moja ndogo ikatoka.

Waliwaza ameiba

Watu wa karibu walipoona nyumba hiyo, walimushauri aipeleke ku nyumba ya makumbusho ya taifa, kule Kinshasa. Alibeba maketi yake, akaenda. Wafanyakazi wa pale waliiangalia wakashangaa. Karatasi ilikuwa imekatwa safi sana, pembe zote zilikuwa zinakutana sawasawa. Hawakuamini. Waliwaza pengine kijana huyu ameiba kazi ya mutu mwingine.

Walimuomba atengeneze ingine, pale pale, mbele ya macho yao. Ilikuwa saa ya kuogopesha. Kama mukono ulitetemeka, ao kama kole ilichafua karatasi, angerudia nyumbani na jina la mwizi. Kingelez aliketi, akachukua vyombo vyake, akafanya. Kisha kuona, watu wale wale wenye walikuwa na mashaka walimupatia kazi.

Hivyo kuanzia mwaka wa 1979 akawa mutengenezaji wa vitu vya zamani mu makumbusho. Makumbusho hiyo ilikuwa inakusanya masuku, sanamu na vyombo vya mababu kutoka majimbo mbalimbali. Vingine vilikuwa vimeliwa na wadudu, vingine vimevunjika. Kazi yake ilikuwa kuvirudishia umbo. Ni kazi yenye inaomba macho mazuri, mukono wa pole na uvumilivu mwingi. Alidumu pale miaka kadhaa. Baadaye aliacha, ili ajitoe kabisa kwa maketi zake.

Namna alifanya kazi

Vitu vyenye Kingelez alitumia si vitu vya bei kali. Alitumia karatasi za rangi, kartoni, plastiki, pakiti za vitu vya duka, mikebe ya vinywaji na vifuniko vya chupa. Ni vitu vyenye kila mutu wa Kisangani anaona pembeni ya soko. Tofauti ilikuwa katika mukono. Hakuviweka ovyo. Alivikata, alivipima kwa macho, alivipangua na kuvipanga tena, mupaka mutu anasahau kama hapo mbele ilikuwa pakiti ao mukebe.

Hapo anafanana na wale wajenzi wa motokari ndogo za mbio: dirisha moja likiharibika, nyumba nzima inaonekana mubaya. Kwa hiyo madirisha, ngazi, barabara na majina ya nyumba, kila kitu kilitengenezwa kwa uangalifu, kimoja kimoja. Mara mingi aliandika maneno juu ya majengo, akaweka nyota na bendera.

Lakini kuna jambo moja ambalo linamutenga nao. Mwenye kujenga gari ndogo ya mbio anafuata gari yenye ilikuwaka kweli, na kazi yake inahukumiwa kama inafanana ao haifanane. Kingelez hakufuata jengo lenye liko. Alijenga majengo yenye haijakuwa bado. Ndiyo sababu hakujifunga na kipimo kimoja: jengo linaweza kuwa kubwa kupita kiasi pembeni ya njia nyembamba, na hakuna mutu wa kumuambia amekosea. Yeye mwenyewe aliita kazi zake kwa Kifaransa extrêmes maquettes, maana yake maketi za kupita mupaka.

Na hazikuwa za kupamba tu. Mu mwaka wa 1991, wakati SIDA ilikuwa inaua watu wengi na familia zilikuwa zinaona haya kutaja hata jina lake, yeye alijenga maketi ya hospitali kubwa ya kutunza wagonjwa wa SIDA. Ni jengo la rangi za kupendeza, la kumupokea mugonjwa kama mutu wa samani. Mu mwaka wa 1995, Umoja wa Mataifa ulipotimiza miaka 50, alijenga pia jengo lake.

Paris, mwaka wa 1989

Mambo iligeuka mu mwaka wa 1989. Mufaransa Jean-Hubert Martin alitayarisha maonyesho makubwa kule Paris, yenye jina Magiciens de la terre. Alitaka kukusanya wasanii zaidi ya mia moja kutoka pande zote za dunia, si Ulaya na Amerika peke yake. Mwenzake André Magnin alizunguka Afrika kuwatafuta. Kutoka Zaire walichaguliwa muchoraji Chéri Samba, mwenye alikuwa anajulikana tayari, na Kingelez, mwenye hakujulikana sana.

Kingelez alienda Ufaransa, akaonyesha kazi zake. Kule alipata karatasi na vitu vingine vya muzuri kupita vile vya Kinshasa. Kuanzia hapo maketi zake zikakuwa kubwa, na rangi zake zikaongezeka. Watu wenye kukusanya kazi za sanaa wakaanza kununua. Mukubwa kati yao alikuwa Jean Pigozzi. Kingelez hakubakia Ulaya. Alirudia Kinshasa, na ndipo aliendelea kufanya kazi.

Muji bila polisi

Mu mwaka wa 1994 alijenga muji wake wa kwanza mukubwa, akaupatia jina la kijiji chake: Kimbembele Ihunga. Kijiji cha mababu zake kikageuka muji wa nyumba za etaji, na kiwanja cha mupira, na barabara pana. Mutoto wa kijiji alikipatia kijiji chake kila kitu chenye uhuru uliahidi na haukuleta.

Miaka mbili nyuma, mu 1996, alimaliza Ville Fantôme. Ni kazi kubwa: urefu wake unakaribia metre 6, upana unapita metre 2. Alieleza kama mu muji huo watu wanaishi kwa amani, hakuna haja ya polisi, na kila mutu yuko huru.

Wakaaji wa mashariki wanajua vizuri mwaka wa 1996 ulileta nini. Wakati muji huo wa amani ulikuwa unatoka mu mikono ya Kingelez, vita ilikuwa inaanza Kivu. Tarehe 15 Mwezi wa 3, 1997, Kisangani ilianguka mikononi mwa AFDL, na Mwezi wa 5 Mobutu akatoka. Mwaka huo huo wa 1997 Kingelez alitengeneza maketi ya Kinshasa ya miaka elfu ya tatu, Kinshasa mupya, yenye kung'aa.

Kisha ikafika mwaka wa 2000. Kingelez alijenga maketi ya muji wa Sète, bandari ya Ufaransa, vile aliwaza itakuwa mu mwaka wa 3009. Mu Mwezi wa 6 wa mwaka huo, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana siku sita ndani ya Kisangani. Mabomu yaliangukia nyumba, masomo na makanisa, na raia kwa mamia walikufa. Mukongomani mumoja alikuwa anajengea Wafaransa muji wa miaka elfu yenye iko mbele, na Wakongomani wengine walikuwa wanalala chini ya kitanda, wanangojea risasi zinyamaze.

Kuna wenye wanaweza kumulaumu juu ya hiyo, waseme alikimbia ukweli akajificha katika rangi. Lakini mutu anaweza kuiona namna ingine. Kila jengo lake linauliza swali: kama mukono moja, na wembe na kole, unaweza kuwaza muji wenye unaheshimu watu, wale wenye wako na feza na saruji wanakosa nini?

Kazi zake ziko wapi?

Mu mwaka wa 2002 kazi zake zilionyeshwa ku Documenta ya Kassel, Ujerumani, moja ya maonyesho makubwa ya sanaa duniani. Kingelez alikufa Kinshasa tarehe 14 Mwezi wa 3, 2015, akiwa na miaka 66. Miezi michache nyuma, Fondation Cartier ya Paris ilifungua maonyesho Beauté Congo, na kazi zake zilikuwa ndani. Mu mwaka wa 2018, makumbusho ya MoMA ya New York ilimutengea maonyesho yake peke yake, yenye jina City Dreams. Watu walizunguka miji yake pole pole, wakiinama ili waone madirisha.

Sehemu kubwa ya kazi hizo iko inje ya Congo. Hakuna mutu mwenye aliziiba: Kingelez aliziuzisha mwenyewe, na ndivyo alikula na kulisha watu wake. Tena, karatasi na kole haviwezi kudumu mu jua na mu unyevu bila nyumba ya kuzitunza. Lakini matokeo ni hii: kijana wa Kisangani mwenye anataka kuona namna Mukongomani alikata na kubandika miji hiyo anapaswa kutafuta picha mu telefone, ao visa ya Ulaya.

Wafanyakazi wale wa makumbusho walikosea walipowaza ameiba. Lakini walifanya jambo moja la muzuri: hawakumufukuza. Walimupatia meza, wakamuacha aonyeshe, na walipoona wakamupatia kazi. Kama wangecheka tu, kama vile watu wengi wanafanya, pengine maketi ile ya kwanza ingeishia ku uchafu, na dunia haingejua kama mwalimu mumoja wa Kinshasa alibeba miji ndani ya kichwa chake.