Götzen: aliyevuka Rusumo akaishia katika nyumba ya Magogoni

Kila siku malori huvuka daraja la Rusumo, huku Mto Kagera ukiporomoka chini yake kati ya Ngara na Rwanda. Wengi wetu tunalikumbuka eneo hili kwa mwezi Aprili 1994, wakimbizi zaidi ya 200,000 walipoingia Ngara kwa muda wa takriban siku moja. Miaka 100 kabla ya hapo, karibu tarehe zilezile, Mjerumani mmoja alivuka hapa akielekea upande wa pili. Baadaye akawa mkubwa wa nchi nzima, akakaa katika nyumba ambayo leo tunaijua kama Ikulu ya Magogoni. Katika makala haya tunamwangalia yeye, na nyumba aliyoiacha.

Safari ya mwaka 1894

Gustav Adolf von Götzen alizaliwa Mei 12, 1866 huko Silesia, katika familia ya kikabaila, akawa ofisa wa jeshi. Desemba 1893 aliondoka Pangani na mamia ya wapagazi na askari, na Mei 2, 1894 akafika maporomoko ya Rusumo. Mwishoni mwa mwezi huo alipokelewa na Mfalme Kigeli Rwabugiri wa Rwanda. Kwenye ramani za Ulaya nchi ya mfalme huyo ilikuwa imekwisha kuhesabiwa kuwa mali ya Wajerumani, ila yeye mwenyewe hakuwa ameulizwa. Götzen akaendelea hadi Ziwa Kivu, akapita misitu ya Kongo na kutokea upande wa Bahari ya Atlantiki. Safari hiyo ilimpa jina kubwa kwao. Wapagazi waliobeba mizigo yake hawajulikani sana.

Gavana na vita vya Maji Maji

Mwaka 1901 alirudi Dar es Salaam akiwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Nyumba ya gavana ilikuwa Magogoni, ikitazama bahari. Kutoka huko zilitoka amri za kodi, na utawala wake ndio uliowalazimisha watu wa kusini kulima pamba katika mashamba ya pamoja kwa ujira mdogo mno.

Julai 1905 watu wa milima ya Matumbi walichoka, wakaanza kung'oa pamba. Mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji ya dawa, alinyongwa mapema Agosti, lakini vita vilisambaa kusini kote. Götzen aliomba manowari na askari zaidi. Kisha jeshi lake likatumia silaha mbaya kuliko bunduki: lilichoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula. Njaa ndiyo iliyoua wengi zaidi. Wajerumani walikiri vifo 75,000. Wanahistoria wengi wanataja kati ya 250,000 na 300,000. Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni ambaye mji wa Songea unaitwa kwa jina lake, alinyongwa Februari 1906.

Mwaka huohuo Götzen aliondoka nchini. Hakushtakiwa na yeyote. Mwaka 1908 alipewa ubalozi wa Prussia mjini Hamburg, na huko akafa Desemba 1910 akiwa na miaka 44. Meli ya Ziwa Tanganyika ilipewa jina lake. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina tunalolijua: Liemba.

Nyumba inabadili wenyewe

Nyumba ya Magogoni nayo haikutulia. Baada ya Götzen aliingia Albrecht von Rechenberg, kisha Heinrich Schnee. Mwishoni mwa mwaka 1914 manowari za Uingereza ziliipiga mizinga ikabaki gofu. Septemba 1916 Waingereza waliuteka mji, na mwaka 1922, wakati wa Gavana Horace Byatt, jumba likajengwa upya mahali hapohapo kwa umbo tunaloliona leo, lenye matao na kuta nyeupe.

Huku kwetu, vita hiyohiyo iliwaleta Wabelgiji, waliovuka Kagera na kuiteka Biharamulo mwaka 1916. Mipaka ilipogawanywa upya, Bugufi ikakatwa kutoka Burundi na kuwekwa chini ya Waingereza. Ndiyo maana leo iko Ngara.

Magavana wa Kiingereza walipishana Magogoni hadi Richard Turnbull, wa mwisho. Uhuru ulipatikana Desemba 9, 1961, na mwaka mmoja baadaye Julius Nyerere akawa Rais. Yeye hakupenda kuishi katika jumba lile. Alihamia nyumbani kwake Msasani, Magogoni akaenda kazini tu. Marais wengine walifuata, na Mei 2023 Ikulu mpya ya Chamwino, Dodoma, ilizinduliwa.

Kwa nini tunayakumbuka haya

Götzen alikaa Magogoni miaka 5 tu, lakini wapo watu wa kusini ambao koo zao hazikuinuka tena kwa amri zilizotoka pale. Nyumba haina kosa, waliokaa ndani ndio wenye hesabu. Ukipita Rusumo, msikilizaji wetu, wakumbuke pia wapagazi waliovuka mto huu na mizigo ya mtu mwingine kichwani.