Mo Amin: Mpigapicha aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia, na swali lililomwandama

Asubuhi moja ya Oktoba 1984, Mohamed Amin alikuwa Korem, kaskazini mwa Ethiopia, kamera ikiwa begani. Baridi ilikuwa kali. Mbele yake walilala maelfu ya watu waliokimbia njaa, na miongoni mwao wapo waliokwisha kufa usiku.

Hakuwa na chakula cha kuwapa, wala dawa. Alikuwa na kamera tu. Basi akaiwasha.

Je, alifanya sawa? Swali hilo lilianza kumfuata hata kabla ya Korem, na halijaisha mpaka leo.

Kijana wa Eastleigh

Mo, kama alivyozoeleka kuitwa, alizaliwa mwaka 1943 katika mtaa wa Eastleigh, Nairobi. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, na familia ikahamia Dar es Salaam Mo akiwa bado mdogo. Huko ndiko alikopata kamera yake ya kwanza, Box Brownie iliyokwisha kutumika, akaanza kuuza picha akiwa bado mwanafunzi.

Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake, Camerapix, hapo hapo Dar. Mwaka uliofuata Mapinduzi ya Zanzibar yakatokea, naye akawa miongoni mwa waliopiga picha zake. Mwaka 1966 kazi hiyo hiyo ilimponza: alikamatwa Zanzibar, akakaa gerezani siku 27 na kuteswa. Baadaye makao yake yakawa Nairobi.

Siku Mboya alipouawa

Tarehe 5 Julai 1969, waziri Tom Mboya alipigwa risasi nje ya duka la dawa katika barabara ya Government Road, ambayo sasa inaitwa Moi Avenue. Mo aliwahi kufika, akapiga picha za juhudi za kumwokoa.

Picha hizo zilimpa tuzo ya mpigapicha bora wa televisheni wa mwaka nchini Uingereza. Lakini jiulize: mtu anakata roho, wewe unarekodi? Wapo waliouona huo kuwa ukatili. Upande wa pili, mauaji yaliyoitikisa Kenya yalipata ushahidi ambao hakuna mkubwa angeweza kuukanusha. Yote mawili ni kweli, na hapo ndipo ugumu wa kazi hii ulipo.

Korem na Mekele

Oktoba 1984 Mo aliingia kaskazini mwa Ethiopia pamoja na mwandishi wa BBC, Michael Buerk. Mekele walimkuta muuguzi kijana wa Msalaba Mwekundu aliyelazimika kuchagua watoto wachache wa kulishwa kati ya umati mkubwa, akijua wanaobaki wanaweza kufa.

BBC ilirusha taarifa ya kwanza tarehe 23 Oktoba. Vituo zaidi ya 400 duniani vikaionyesha. Watu waliokuwa wakila chakula cha jioni mbele ya televisheni waliacha sahani zao.

Kilichofuata kinajulikana. Mwanamuziki Bob Geldof aliona taarifa hiyo, ukazaliwa wimbo wa Band Aid. Wamarekani nao wakatoa wao. Tarehe 13 Julai 1985 likafanyika tamasha la Live Aid, London na Philadelphia kwa siku moja. Mamilioni ya dola yalichangwa, na watu wengi ambao wangekufa wakaishi.

Kabla ya hapo onyo la njaa lilikuwa limetolewa tena na tena. Halikushtua watu hivyo. Picha ndiyo iliyoshtua.

Ambacho picha haikusema

Lakini picha ina mipaka yake. Ilionyesha njaa, haikuonyesha vizuri nani aliisababisha.

Ukame ulikuwepo, ndiyo. Ila kulikuwa pia na vita Tigray na Eritrea, na serikali ya Mengistu Haile Mariam iliyotumia njaa kama silaha dhidi ya maeneo ya waasi. Mwezi mmoja tu kabla ya taarifa ile kurushwa, Addis Ababa ilikuwa katika sherehe kubwa za miaka 10 ya mapinduzi. Baadaye serikali ilihamisha watu kwa nguvu kutoka kaskazini kwenda kusini. Madaktari Wasio na Mipaka wa Ufaransa walipolipinga hilo hadharani, walifukuzwa nchini mwaka 1985.

Kuna lawama nyingine. Kwa miaka mingi, mtu wa ng'ambo akisikia jina la Afrika alimwona mtoto aliyekonda, nzi usoni. Hakuona shule, soko wala harusi. Watu wa Korem hawakuulizwa kama wanataka dunia iwakumbuke hivyo.

Hata hivyo, lawama hizo haziwezi kumwangukia Mo peke yake. Mpigapicha huonyesha kilicho mbele yake. Kuuliza kwa nini kipo ni kazi ya mhariri pia, na ya mtazamaji.

Mkono mmoja

Mwezi Juni 1991, baada ya Mengistu kuanguka, Mo alikuwa Addis Ababa ghala la silaha lilipolipuka. Mpokea sauti wake, John Mathai, alikufa pale pale. Mo akapoteza mkono wa kushoto.

Wengi walidhani amestaafu. Kumbe wapi! Baada ya miezi michache alikuwa kazini tena, akiendesha kamera kwa mkono wa bandia. Lakini Mathai hakurudi. Picha za vita zina gharama, na mara nyingi anayeilipa ni yule ambaye jina lake halijulikani.

Safari ya mwisho

Tarehe 23 Novemba 1996, Mo alipanda ndege ya Ethiopian Airlines kutoka Addis Ababa kurudi Nairobi. Watu watatu waliiteka wakitaka ipelekwe Australia. Mafuta yakaisha, na ndege ikaanguka baharini karibu na ufukwe wa Ngazidja, Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwemo, 125 walikufa. Mo, mwenye miaka 53, alikuwa mmoja wao.

Mtalii mmoja aliyekuwa ufukweni alirekodi ndege ikigonga maji na kupasuka. Video hiyo ikazunguka dunia nzima. Mtu aliyeonyesha vifo vya wengine, kifo chake nacho kikaonyeshwa kwenye televisheni, familia yake ikiwa miongoni mwa wanaoweza kukiona.

Leo karibu kila mtu ana kamera mfukoni. Ajali ikitokea, simu hutolewa kabla hata majeruhi hajanyanyuliwa. Mo alipiga picha pale ambapo hakuwa na msaada mwingine wa kutoa, akahakikisha picha inafika kwa wenye uwezo wa kusaidia. Penye mkono wa kusaidia, simu isubiri.