Daktari aliyesaka mawazo, akakuta mawimbi

Nikimwandikia mgonjwa kipimo cha EEG, swali ninaloulizwa mara nyingi na ndugu zake ni kama mashine hiyo itasoma anayoyawaza. Wengine huogopa kwamba atapigwa shoti. Wiki hii nitajibu kwa kusimulia maisha ya daktari aliyekuwa wa kwanza kumpima binadamu kwa njia hii, kwa sababu naye alianza na swali hilohilo.

Hans Berger alizaliwa Mei 21, 1873 katika kijiji cha Neuses, karibu na mji wa Coburg, Ujerumani. Baba yake alikuwa daktari, lakini kijana huyu alianza chuo kwa kusoma hisabati, akitaka kuwa mtaalamu wa nyota. Hakudumu. Aliacha masomo, akajiunga na jeshi la wapanda farasi kwa mwaka mmoja.

Siku moja mazoezini farasi wake alishtuka na kumwangusha mbele ya mzinga uliokuwa ukivutwa na farasi wengine. Mzinga ulisimamishwa ukiwa umebakiza kidogo tu kumsaga. Siku hiyohiyo alipokea telegramu ya baba yake ikimuulizia hali. Dada yake, aliyekuwa nyumbani mbali na hapo, alikuwa ameingiwa na hofu kwamba Hans yuko hatarini, akamshikilia baba yao hadi akauliza. Berger aliamini kwamba hofu yake imesafiri kutoka kichwani mwake hadi kwa dada yake. Alirudi chuoni kusomea udaktari, akiwa na nia ya kuipima nguvu hiyo ya mawazo.

Alihitimu mwaka 1897, akaajiriwa katika kliniki ya magonjwa ya akili ya Jena. Mwaka 1919 akawa mkuu wake. Kwa miaka mingi alipima mzunguko wa damu na joto la ubongo, bila kupata alichokitafuta. Kisha akageukia umeme. Daktari Mwingereza, Richard Caton, alikuwa ameonyesha tangu mwaka 1875 kwamba ubongo wa wanyama hutoa umeme. Je, wa binadamu?

Julai 1924 alimpima kijana wa miaka 17 ambaye sehemu ya fuvu lake ilikuwa imeondolewa katika upasuaji. Kifaa kikaonyesha mtikisiko mdogo. Umeme wenyewe ni hafifu mno: betri ya tochi ya volti 1.5 huuzidi kwa makumi ya maelfu ya mara. Ndiyo maana Berger hakujiamini. Alitaka kuhakikisha kwamba hautoki kwenye moyo, misuli au mapigo ya damu. Aliwapima watu wengi, akiwemo mwanawe Klaus, na alichapisha matokeo mwaka 1929, miaka mitano baadaye.

Aligundua kwamba mtu aliyetulia na kufumba macho hutoa mawimbi kama 10 kwa sekunde. Aliyaita alfa. Mtu akifumbua macho, au akipewa hesabu ya kufanya kichwani, mawimbi hayo hufifia na kubaki madogo ya kasi zaidi. Wataalamu wengi hawakumwamini mpaka mwaka 1934, Edgar Adrian na Bryan Matthews wa Cambridge waliporudia kipimo hicho na kupata matokeo yaleyale.

Mwaka 1935 Wafaransa wawili, Gustave Durup na Alfred Fessard, waliona jambo la ajabu. Mwanga ukiwaka, alfa hufifia. Lakini kabla ya mwanga, kifaa chao kilikuwa kikitoa mlio mdogo. Baada ya kurudia mara kadhaa, alfa ilianza kufifia kwa mlio peke yake. Ubongo ulikuwa umejifunza mpangilio: mlio kwanza, mwanga baadaye. Hapo kujifunza kulionekana kwenye karatasi. Mwaka huohuo madaktari wa Boston, Marekani, walionyesha mawimbi maalumu ya aina moja ya kifafa, na ugonjwa uliohesabiwa kuwa wa mapepo ukapata picha ya umeme wake.

Sitaficha upande wake wa giza. Chini ya utawala wa Nazi, sheria ya mwaka 1933 iliruhusu watu kufungwa uzazi kwa nguvu, wakiwemo waliosemekana kuwa na kifafa cha kurithi. Berger alikaa katika mahakama ya Jena iliyoamua kesi hizo. Mtu aliyewapa wagonjwa wa kifafa kipimo bora alishiriki katika mfumo uliowanyima haki ya kuzaa. Elimu peke yake haimfanyi daktari kuwa mwenye huruma.

Alistaafu mwaka 1938. Akiwa anaugua sonona, alijitoa uhai Juni 1, 1941. Sonona inatibika. Ukijiona huna hamu ya kuishi, mwambie mtu leo na ufike hospitali.

Sasa jibu la swali letu. Berger alisaka mawazo yanayosafiri, hakuyapata. Kipimo chake huonyesha kama ubongo umetulia, umeshtuka, unajifunza au una hitilafu. Hakionyeshi unawaza nini. Hakipeleki umeme kichwani, hupokea tu ule unaotoka, na hakiumi.

Ukiandikiwa EEG, fumua nywele, zioshe, usipake mafuta. Usiache dawa za kifafa bila daktari wako kukuambia. Na majibu yakitoka safi, usihitimishe kwamba huna kifafa, maana mawimbi ya hitilafu huja na kuondoka. Aliyeshuhudia ulivyoanguka aje naye kliniki. Maelezo yake yanatusaidia sana kujua tatizo ni nini.