Maisha ya Dr. Otto Dempwolff, Aliyeandika Lugha ya Wasandawe

Sisi wa Kondoa twawajua Wasandawe, jirani zetu wa Kwa Mtoro, Farkwa na Ovada, katika wilaya ya Chemba ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Kondoa. Lugha yao si ya Kibantu kama Kirangi na Kigogo. Maneno yake mengi yana vidoko, navyo humshinda mgeni ulimi. Miongoni mwa watu wa kwanza walioiandika kwa uangalifu ni Mdachi mmoja, Dr. Otto Dempwolff. Twataka kueleza habari za maisha yake, maana zina fundisho kwetu.

Alizaliwa mwaka 1871 katika mji wa Pillau, pwani ya Bahari ya Baltiki, katika Prusia ya Mashariki. Siku hizi mji huo umo katika Urusi. Zamani nchi ile ilikuwa ya Waprusia wa kale, ambao Wadachi waliwashinda kwa vita na kuwatawala. Baada ya Matengenezo ya Kanisa, Katekisimo Ndogo ya Luther ilifasiriwa kwa lugha yao, ikapigwa chapa mjini Königsberg mara mbili mwaka 1545, na tena mwaka 1561. Lakini watu waliendelea kuhamia Kidachi, na mwanzoni mwa karne ya 18 lugha ile ikafa. Katekisimo ilibaki, wasomaji wake wakatoweka. Basi, mtoto huyu alizaliwa juu ya kaburi la lugha.

Alipokua alijifunza udaktari, akapelekwa New Guinea, kisiwa kikubwa cha Bahari ya Kusini. Huko alichunguza homa ya malaria, akatoa taarifa yake mwaka 1904. Lakini katika kuwatibu watu alisikiliza pia maneno yao, akaanza kuyaandika. Baadaye alikuja nchi yetu kuwa daktari wa jeshi la Wadachi. Hatufichi kwamba jeshi hilo lilitawala kwa nguvu, nalo liliwatia watu hofu. Hata hivyo daktari huyu aliketi kama mwanafunzi mbele ya wenyeji. Hakuna mgeni awezaye kuandika lugha asipofundishwa na wenyewe. Waalimu wake walikuwa Wasandawe.

Aliporudi Ulaya alikwenda Hamburg kufanya kazi pamoja na Carl Meinhof, mchungaji wa Kilutheri aliyekuwa bingwa wa lugha za Kibantu. Mwaka 1916 kitabu chake juu ya lugha na desturi za Wasandawe kilipigwa chapa mjini humo. Mwaka uo huo majeshi yalikuwa yakipigana Kondoa. Mizinga ililia hapa, na huko Hamburg maneno ya jirani zetu yaliwekwa katika kitabu.

Kazi yake kubwa ilikuwa kulinganisha lugha za visiwa, tangu Madagaska hata Bahari ya Kusini, akionyesha kwamba zimetoka katika asili moja. Vitabu vyake vitatu juu ya jambo hilo vilitoka kati ya mwaka 1934 na 1938. Aliandika pia sarufi ya Kijabêm, lugha ambayo misioni ya Kilutheri ya New Guinea iliitumia katika shule na ibada. Sarufi hiyo ilitoka mwaka 1939, lakini mwenyewe hakuiona, kwa kuwa alifariki Hamburg mwaka 1938.

Ndugu, kitabu ni kitu chema, lakini hakiwezi kumlea mtoto. Katika pwani ya Baltiki iyo hiyo, upande wa kaskazini, katika nchi ya Latvia, walikaa Walivonia, wavuvi na Walutheri kama sisi. Walipata Injili ya Mathayo kwa lugha yao mwaka 1863, na Agano Jipya mwaka 1942. Hata hivyo mtu wa mwisho aliyeinyonya lugha hiyo pamoja na maziwa ya mamaye alikufa Kanada mwaka 2013. Hata katika nchi yetu Kikw'adza cha upande wa Mpwapwa kimekwisha kunyamaza.

Kisandawe kingali hai. Twamshukuru Mungu kwa Kiswahili, kituunganishacho kanisani na shuleni. Lakini siku ya Pentekoste kila mtu alisikia matendo makuu ya Mungu kwa lugha aliyozaliwa nayo, na Roho hakuona aibu kwa lugha hata moja. Kwa hiyo twawasihi ninyi waalimu wa Injili: mkiona mtoto anachekwa kwa ajili ya vidoko vyake, wakemeeni wanaomcheka. Nanyi wazazi, ombeni na watoto wenu jioni kwa lugha ya nyumbani. Dempwolff aliandika yale aliyoyasikia midomoni mwa watu. Kuyaweka midomoni mwa watoto ni kazi yetu.